Kutia kitambaa rangi ya mimea nyumbani: anza na maganda ya vitunguu

Kitambaa changu cha kwanza nilikitia manjano. Nilinunua robo kilo ya manjano ya unga, nikachemsha, nikatumbukiza foronya ya bafta, ikatoka na unjano wa kuumiza macho. Nikaringa nayo siku mbili. Siku ya tatu nikaifua kwa sabuni ya kipande, na mle mle ndani ya beseni, huku naangalia, ikageuka nyekundu kama tofali. Nikaisuza mara tatu, unjano ukarudi. Nikaianika juani. Wiki mbili hazikuisha, ilikuwa imepauka kama gazeti la mwaka juzi.

Kilichotokea hakina uchawi. Manjano hugeuka nyekundu yakikutana na kitu chenye asili ya magadi, na sabuni ya kipande iko upande huo. Jua nalo huimaliza rangi ya manjano upesi kuliko karibu rangi nyingine yoyote ya jikoni. Lakini kosa langu kubwa lilikuwa jingine: nilishughulika na sufuria ya rangi nikakisahau kitambaa. Katika kazi hii jasho jingi humwagika kabla rangi haijawekwa jikoni. Ukikiandaa kitambaa vizuri, maganda uliyoomba bure sokoni yatakupa rangi ya kuvalika miaka. Usipokiandaa, hata mmea wa bei mbaya utaishia kwenye maji ya kufulia.

Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye kitambaa, na rangi ya kuanzia ni moja tu: maganda makavu ya vitunguu maji. Ukiiweza hiyo, nyingine zinafuata njia ile ile.

Kitambaa

Chukua pamba tupu. Kwa kujifunzia hakuna kinachoishinda marekani, ile pamba isiyong'arishwa yenye rangi ya maziwa na vidoa vidogo vya mbegu. Jina lake lenyewe ni historia: katika karne ya 19 kililetwa Zanzibar na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na mwaka 1833 Marekani ikawekeana mkataba wa biashara na Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vya 1861 hadi 1865, vilipokausha pamba yao, viwanda vya Bombay vikachukua soko, lakini watu waliendelea kuomba marekani dukani. Bafta nayo inafaa, na kwa kuwa ni nyeupe zaidi, rangi hung'aa zaidi.

Tetroni iache. Ina nyuzi za plastiki, na rangi ya mimea haizipendi. Muuzaji akikuapia kwamba ni pamba tupu, chomoa uzi mmoja ukingoni uuchome. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha jivu laini. Uzi wa plastiki hujikunja, huyeyuka, kisha huganda kuwa kishanga kigumu.

Kabla ya kukilowesha, kipime uzito kikiwa kikavu. Kama huna mizani, mwombe mwenye duka la rejareja. Hesabu zote zitatokana na uzito huo, si na urefu. Hapa nachukulia chako kina gramu 200, ambao kwa marekani ya kawaida ni kama mita moja hivi. Kikiwa na gramu 400, zidisha kila kitu mara mbili.

Vyombo na vya kununua

Tafuta sufuria ya stili au ya enameli isiyobanduka, ya lita kumi au zaidi, na ikishaingia kwenye kazi hii isirudi tena kupika chakula. Sufuria za aluminiamu tulizonazo wengi wetu zinaweza kutumika kuchemshia rangi, ila magadi huzila na kuziacha nyeusi, kwa hiyo usizitumie hatua ya kwanza. Chuma hakifai kabisa kwa hatua hizi. Kitaifanya kila rangi kuwa na giza. Ongeza ndoo mbili za plastiki, mwiko mrefu, chujio au kipande cha chandarua kikuukuu, na glavu.

Dukani utanunua vitu viwili tu: magadi, yale yale ya kulainishia maharage, na shabu. Shabu huuzwa kwenye maduka ya dawa za asili na viungo, mawe yanayong'aa kama barafu chafu, ambayo wengine hujipaka kwapani na wengine husafishia maji. Mweleze muuzaji wazi kwamba unataka shabu nyeupe. Mrututu, ule wa buluu, wakati mwingine hukaa rafu ile ile, na ni sumu. Si wa kuchezea jikoni wala wa kumwaga uani wanakochimbua kuku.

Maganda ya vitunguu usinunue. Nenda kwa anayeuza kwa magunia, mwambie akukusanyie yale makavu yanayodondoka chini. Mara ya kwanza atakuangalia vibaya, ya pili atakuwa amekuwekea. Unahitaji gramu 200, uzito sawa na kitambaa, na kwa kuwa maganda ni mepesi, hizo hujaza mfuko mkubwa wa sokoni. Makavu tu. Lililooza au lenye ukungu litupe.

Hatua ya kwanza: kukitoa uchafu usiouona

Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, mafuta ya mashine na nta ya pamba yenyewe. Kukiloweka kwenye sabuni ya unga usiku kucha hakutoshi. Lazima kichemke.

Saga magadi upate kijiko kimoja cha chakula, yeyusha kwenye kikombe cha maji ya moto, acha mchanga utulie chini, kisha mimina maji ya juu tu kwenye sufuria yenye lita nane za maji. Tia sabuni ya maji kijiko cha chai. Tumbukiza kitambaa kikiwa kimeshalowa, chemsha saa nzima, ukigeuzageuza. Maji yatabadilika yawe kama chai ya rangi. Mara ya kwanza utashangaa kwamba yote yale yalikuwa ndani ya nguo mpya. Suza hadi maji yawe meupe. Kama yalikuwa meusi sana, rudia.

Kipimo changu ni tone la maji. Kikishakauka, kitandike mezani, chovya kidole kwenye maji, dondosha tone moja. Likinyweka papo hapo na kutanda, kitambaa kiko tayari. Likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, hata kwa sekunde tatu tu, kirudishe jikoni. Nimewahi kupuuza tone la namna hiyo kwa sababu mkaa ulikuwa umekwisha, na mabaka niliyoyapata bado ninayo; ndicho kitambaa ninachofutia meza.

Hatua ya pili: ukakasi

Sufu na hariri hushika rangi kwa urahisi. Pamba ni mkaidi, haina pa kuishikia. Dawa yake ni kuipa kwanza kitu chenye ukakasi, ule unaokukausha ulimi ukila bibo au ndizi mbichi. Ukakasi huo, ambao wenye maabara huuita tanini, hushika pamba, kisha shabu inaushika ukakasi, na mwisho rangi inashika shabu. Ni kama ngazi. Ukiruka kidaraja, rangi haifiki.

Mpera unao karibu kila mtaa. Chuma majani mabichi gramu 300, yakatekate, yachemshe saa moja kwenye lita sita za maji, chuja. Maji yakipoa kiasi cha kuvumilika mkononi, tumbukiza kitambaa kilicholowa na ukiache hadi kesho asubuhi. Kitatoka na rangi ya krimu iliyochafuka. Usiisikitikie, itafunikwa. Kikamue bila kukisuza.

Kwa wenye mkomamanga nyumbani, maganda ya tunda lake yana ukakasi mwingi zaidi, na yanaacha unjano unaopendeza wenyewe.

Hatua ya tatu: shabu

Kwa gramu 200 za kitambaa, pima gramu 30 za shabu. Itwange, iyeyushe kwenye maji yanayochemka mpaka isionekane. Kwenye kikombe kingine yeyusha nusu kijiko cha chai cha magadi, uchuje. Sasa mimina magadi ndani ya shabu kidogo kidogo. Povu litapanda kwa kishindo, ndiyo maana nakushauri utumie ndoo kubwa na wala si bakuli. Povu likitulia, ongeza maji ya uvuguvugu yafike lita sita.

Kitambaa kikae humo usiku mzima. Kigeuze mara mbili tatu kabla ya kulala, ukikunjua kila mkunjo, kwa maana mkunjo uliojificha kwenye shabu utajitangaza kwenye rangi. Asubuhi kisuze mara moja tu kwa maji baridi. Unaweza kuendelea nacho kibichi hivyo hivyo, au ukikaushe na ukiweke kabatini hadi wikendi. Shabu haiendi popote.

Huu mtindo wa kulaza usiku una faida nyingine kwetu tunaopikia mkaa. Ninafanya kila hatua jioni, chakula kikishaiva, kwa moto uliobaki jikoni. Jumatano nachemsha kitambaa, Alhamisi mpera, Ijumaa shabu, Jumamosi rangi. Ukiitoa Jumamosi, hakuna siku inayonila zaidi ya saa moja na nusu.

Hatua ya nne: sufuria ya rangi

Yaloweke maganda kwenye maji ya moto kwa nusu saa, kisha yachemshe saa nzima. Maji yanatakiwa kukizunguka kitambaa kwa nafasi, lita nane au tisa hivi. Vitunguu vyetu vingi ni vyekundu, na mchuzi wake utakuwa wa zambarau iliyoiva, unaovutia kuliko rangi yoyote utakayoipata. Usidanganyike nao. Maganda mekundu juu ya shabu mara nyingi hutoa dhahabu inayoelekea kijani cha zeituni, wala si zambarau. Ya vitunguu vya njano hutoa rangi ya chungwa iliyokolea. Mimi huchanganya.

Chuja maganda yote. Ganda moja likibaki limelalia kitambaa litaacha baka la umbo lake, labda uwe unalitaka. Acha maji yapoe kidogo, lowesha kitambaa kwa maji safi, kikamue, kisha kitie chote kwa pamoja. Rudisha motoni, moto mdogo, maji yafuke moshi na kutetemeka pembeni bila kutokota. Geuza kila baada ya dakika tano kwa nusu saa ya kwanza, halafu unaweza kupumua. Baada ya saa moja zima moto na ukiache kipoe humo humo, ikiwezekana hadi asubuhi.

Rangi unayoiona kitambaa kikiwa kimelowa si ya kweli. Kikikauka kitapungua daraja moja au mawili, kwa hiyo kitoe kikiwa kimekolea kuliko unavyotaka. Kikamue, kianike kivulini bila kukisuza, kipe wiki moja, ndipo ukisuze na kukifua kwa sabuni laini. Maji ya kwanza yatachuja kidogo, ni ile rangi iliyobaki juujuu. Ya tatu yakiendelea kuchuja sana, shida ilikuwa kwenye tone la maji au kwenye shabu.

Ukitaka mapambo, funga kabla ya kutumbukiza, kama wafanyavyo wenye batiki za kufunga. Vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli hukaza kuliko kamba. Punje za mahindi zikifungwa moja moja huacha vijiduara vidogo vyenye kitovu, na ukikunja kitambaa kama feni ukakibana kwa vijiti viwili utapata mistari.

Maji ya kutu

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Chukua misumari yenye kutu, itie kwenye chupa ya plastiki, mimina siki sehemu moja na maji sehemu mbili, acha kifuniko bila kukikaza ili hewa itoke, isahau kwa wiki mbili. Yakiwa rangi ya chungwa chafu, chuja.

Tia robo kikombe kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, chovya pembe ya kitambaa chako cha dhahabu. Hesabu kumi. Utaona dhahabu inakimbia na kijani cha zeituni kinaingia, kama kivuli cha wingu kinavyopita shambani. Kile chenye mpera peke yake, bila vitunguu, hugeuka kijivu cha moshi, na ukakasi ukiwa mwingi huelekea weusi. Dakika mbili zinatosha, kisha suza sana. Kutu ikizidi hukausha nyuzi na kuozesha pamba taratibu, na nguo itapasuka mahali ambapo hukuikamata. Tenga ndoo ya kutu peke yake, na mwiko wake, maana tone moja likiingia kwenye sufuria nyingine unjano wako unakufa.

Parachichi, na mimea mingine

Ukishazoea vitunguu, nenda kwa wauza juisi uombe mbegu za parachichi. Zina waridi ndani, ingawa kwa nje huwezi kuamini. Katakata mbegu zikiwa bado mbichi, kwa sababu zikikauka zitakuvunjia kisu. Mbegu kumi na mbili zatosha gramu 200 za kitambaa. Mbegu hizi zina ukakasi wake mwingi, hivyo unaruka hatua ya mpera, na hata shabu si lazima. Zipashe polepole. Ukitokotesha kwa pupa, waridi linageuka kahawia. Saa moja ya moto mdogo, zima, kesho yake pasha tena, na utaona maji yanazidi kuiva mpaka yawe mekundu kama divai. Magadi kidogo sana, ncha ya kijiko, huyasukuma kwenye wekundu.

Majani ya mwembe hutoa njano tulivu. Makumbi ya nazi hutoa rangi ya ngozi, ukiyaloweka siku mbili kabla ya kuyachemsha. Mbegu za mzingefuri, ambazo wageni wa mashamba ya viungo Zanzibar hupakwa midomoni, hutoa chungwa kali. Rangi yake huyeyuka vizuri kwenye maji yenye magadi. Chungwa hilo linakimbia jua, kwa hiyo ni la foronya na mifuko ya ndani, si la pazia. Hina watu huitarajia makubwa kwa vile inavyoshika ngozi na kucha, ila kwenye pamba hutoa kahawia hafifu tu.

Bitiruti na choya viache kwa juisi. Maji yake yanapendeza sufuriani, lakini fua mara mbili tatu utabaki na kijivu au hakuna kitu.

Magome ya mkoko na mkandaa ni rangi ya wazee wa pwani, nyekundu ya kahawia iliyoshiba. Siyaweki kwenye orodha yangu. Misitu ya mikoko inalindwa na sheria, na mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina haupo tena mwaka unaofuata. Na anayetaka buluu ya kaniki ajue kwamba nili haichemshwi namna hii kabisa. Inachachushwa, na ina mwongozo wake.

Pia usichemshe jani usilolijua kwa sababu tu lina rangi nzuri. Utomvu wa mnyaa, ule wa ua wa nyumba, unaweza kumpofusha mtu. Pikia nje au penye upepo, usivute vumbi la magadi na shabu, na watoto wakae mbali na zile ndoo za usiku, kwa sababu maji ya shabu yanafanana kabisa na maji ya kunywa. Ukimaliza, maji ya mimea yamwage shambani. Ya shabu na ya kutu yazimue kwanza kwa maji mengi, uyamwage mbali na kisima na bustani ya mchicha.

Maji unayotumia

Watu wawili wakifuata maelezo haya haya, mmoja Tanga na mmoja Njombe, hawatapata rangi moja. Kisima cha chumvi cha pwani huathiri rangi, na maji mekundu ya bomba lenye kutu hutia giza kabla hujaanza. Maji ya mvua ndiyo mepesi na ya kuaminika. Kinga ndoo tatu masika yakianza, uzitunze kwa ajili ya hatua ya nne tu. Hatua nyingine zitavumilia maji yoyote safi.

Kwa sababu hiyo niliweka daftari. Kila nikitia rangi nakata kipande cha upana wa vidole viwili, nakibana kwa pini, naandika uzito wa kitambaa, mmea, maji ya wapi, saa ngapi motoni. Nusu nyingine ya kipande kile kile naitundika dirishani panapopigwa na jua, na baada ya mwezi nailinganisha na ya daftarini. Ndivyo nilivyojua kwamba vitunguu vyangu havitikisiki sana, parachichi linapungua taratibu, na mzingefuri hauoni wiki ya tatu. Ukurasa wa kwanza una kile kipande cha manjano. Hakina maelezo, nilikuwa sijaanza kuandika, na sasa ni cheupe kabisa.